Sentensi za Bwana Mofazzal

Mjomba Habibul,

Salamu kutoka kwetu Pirojpur. Bata wa mama wameanza kutaga, na upepo umeng'oa bati moja la jikoni.

Mama anajivuna kwamba nasoma kwa Bwana Mofazzal, anayetufundisha Kiingereza sisi wasichana tunaopelekwa ng'ambo kufanya kazi za ndani. Tunazirudia sentensi zake kwa sauti moja: "Nina miaka ishirini na mitano." "Nimekuja kwa hiari yangu." "Bosi wangu ni mwema." Mjomba, unajua nina kumi na mitano.

Jana nilijikaza, nikamwuliza "Nataka kurudi nyumbani" husemwaje kwa Kiingereza. Wenzangu wakaangua kicheko: "Lo! Kumbe Shefali ana ulimi!" Yeye akatabasamu tu. "Hiyo hutaihitaji, mwanangu. Haya, wote: nina miaka..."

Sentensi hiyo ya kurudi nyumbani naijua tangu shuleni. Nilitaka kuona kama ataitamka.

Mama nikimwambia haya, anasema nisimwaibishe mbele ya mwalimu. Wewe, kaka yake, atakusikiliza. Gari linatuchukua Ijumaa alfajiri, kwa hiyo njoo Alhamisi, nakuomba. Usipige simu kwanza. Simu ya mama anayo Bwana Mofazzal, anasema anaitengeneza.

Mpwa wako anayekungoja,
Shefali