Makofi kwa Jeneza

Paris, 14 Novemba 1979

Kwa Dada Huguette mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na upendo. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba shemeji Firmin amekwisha kupatana na jirani juu ya yule ng'ombe mtoro. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo unatokota. Uniwie radhi iwapo elimu yangu yote haitaweza kuipa hasira hii adabu.

Jumatatu tulimzika Bwana Castagné, mwongozaji wa filamu aliyenipokea nilipohitimu na kunifanya msaidizi wake katika uhariri. Jeneza lilipotolewa kanisani watu walipiga makofi, kama ilivyo desturi kwa watu wa sinema. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni wahakiki walewale waliomrarua maisha yake yote. Alipotengeneza vichekesho, walimwita mchekeshaji wa sokoni. Alipogeukia vita, wakamtaka arudi kwenye vichekesho. Akatengeneza filamu za wapelelezi, za nyimbo, hata ya watoto na punda wao, wakamwita kinyonga. Yeye aliwauliza tu, "Kwani kwenu mnakunywa supu ileile kila siku?"

Katika filamu yake ya mwisho aliigiza mwenyewe mzee anayerudi kijijini kwa mwanawe ambaye yeye baba alimtelekeza. Alipiga picha za miisho miwili. Katika wa kwanza, mwana anafungua mlango, anamtazama baba yake, anaufunga. Wa pili ni harusi, muziki wa kodiani na keki. Aliupiga ili Bwana Delpuech, tajiri anayegharimia filamu, amwache apumue. Aliniambia siku ileile, "Hiyo ni pipi ya kumnyamazishia Delpuech, binti. Usije ukaila wewe."

Baada ya mazishi, mbele ya sahani ya chaza, Delpuech alitangaza kwamba harusi ndiyo itakayotumika. Nilipopinga, akacheka. "Maiti hana maoni, mrembo. Weka harusi, na jina lako litakaa kwenye skrini kando ya lake. Ukikataa, Paris hii hutapata hata studio ya kufagia." Mhakiki mmoja, aliyetoka kulia kanisani, akaongeza huku akifyonza chaza kwamba mzee hakuwahi kuwa na mtindo hata uharibiwe.

Dada, unajua nilivyolitamani jina hilo kwenye skrini. Wewe ndiye uliyenikuta nikiliandika kwa chaki kwenye mlango wa zizi. Nilimjibu Delpuech kwa sauti tamu kwamba nimekubali, nikaomba ufunguo wa chumba cha uhariri.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Kisanduku kitakachokufikia kwa treni hakina vitabu vyangu, ingawa ndivyo nilivyoandika juu yake. Kina ile harusi: mkanda wa asili pamoja na nakala yake pekee. Aliyeiigiza yuko kaburini. Haiwezi kupigwa upya. Delpuech ametia fedha nyingi mno hata hawezi kuacha kuitoa filamu, basi ataitoa na mlango uliofungwa. Kiweke ghalani, nyuma ya jibini zako kubwa, maana mikanda nayo hupenda baridi. Sikuweza kuichoma. Hata pipi, mzee aliitengeneza vizuri.

Kesho asubuhi nitamwambia Delpuech usoni kwamba aliyeichukua ni mimi. Nitandikie kitanda changu cha zamani.

Msalimie sana shemeji, na umsihi asiupake rangi mlango wa zizi. Jina langu halitasomeka penginepo.

Mdogo wako akupendaye,
Odile Vaissade