Kuomba Radhi kwa Vipengele Kumi na Vinne

Jumamosi. Bukoba imeamka na mvua, na mimi nimeamka na hasira. Mvua imekatika mchana. Hasira bado ninayo, kwa hiyo naandika.

Nianze na huyu Muganyizi. Sijawahi kukutana na mtu anayeandika programu za gemu kama yeye, si hapa Kagera wala kule chuoni tulikosoma wote. Gemu yetu ilikuwa inakwama kwenye simu za bei ndogo, zile walizonazo watu wengi. Tukasema basi, haiwezekani. Akajifungia siku nne, akatoka nayo inateleza. Tukapiga makofi, na siku hiyo hiyo tukamfanya kiongozi wa timu.

Yaani mtu kaiharakisha gemu, sisi tukamkabidhi watu.

Kipaji, kipaji, kipaji! Nimelichoka hilo neno. Mwenye kipaji hasalimii akiingia, tunasema anawaza. Anakula hedifoni ziko masikioni, tunasema ndivyo walivyo. Ukimuuliza kazi inaisha lini, anakutazama kama umemwomba figo. Kiongozi gani huyo? Mimi nisingemwachia hata kuku wawili awachunge.

Timu yenyewe tuko watatu, kwenye chumba cha kupanga hapa Kashai. Mimi nachora. Jovitha anapanga hatua za mchezo: mchezaji aanze na kipi, kigumu kije wapi, apumzike wapi. Gemu ni ya mtoto anayemfukuza mbuzi aliyevamia kibanja, shamba la migomba la bibi yake. Kwa miezi miwili Jovitha alikuwa anakwenda Rwamishenye kila jioni, anakaa barazani na watoto wa shule, anawapa simu na kuangalia vidole vyao vinasita wapi. Akagundua kwamba kwenye hatua ya pili wanakata tamaa. Basi akamfanya mbuzi asimame ghafla katikati ya migomba, ageuze shingo, awatazame huku anatafuna. Watoto walikuwa wanacheka mpaka wanakaa chini, halafu wanaendelea kucheza.

Jumatano walikuja walimu kuiona. Jovitha yuko mbele yao, amevaa vizuri, anaeleza. "Sasa hapa mbuzi atasimama."

Mbuzi hakusimama. Akapita moja kwa moja, mbio. Jovitha akarudia. Mbuzi akapita tena. Mwalimu mmoja akaangalia saa yake. Ndipo bwana mkubwa akasema kutoka kwenye kona yake, bila hata kuvua hedifoni, "Hiyo niliitoa. Hatua zote nimeziandika upya mwisho wa wiki."

Mbele ya wageni! Kazi ya miezi miwili kaifuta kwa siku mbili, na mwenyewe hakuambiwa hata neno.

Jovitha alichukua mkoba wake akaenda kwao Muleba. Simu hapokei. Walimu wanarudi wiki ijayo kuamua kama gemu itaingia shuleni kwao, na bila Jovitha hatuna hatua hata moja ambayo mtoto ataipenda. Asiporudi, tumekwisha.

Kiongozi wetu akafanya nini? Leo asubuhi alinituma mimi. "Nenda kamlete. Nimemwandikia." Akanitumia waraka kwenye simu yangu nimwonyeshe. Nakiri nilifurahi. Nikasema kumbe moyo anao.

Gari lilipofika Kemondo nikashindwa kuvumilia, nikaufungua. Ilikuwa orodha. Vipengele kumi na vinne vya mambo aliyoyaboresha kwenye kazi ya Jovitha. Kasi ya mbuzi, umbali wa mgomba na mgomba, muda wa mtoto kuchoka. Cha tisa kilisema: "Nimeondoa hitilafu ya mbuzi kusimama bila sababu."

Hakuna pole. Hakuna samahani. Hata "habari za nyumbani" hakuna.

Nikampigia. Akashangaa kabisa, na huo mshangao haukuwa wa kuigiza. "Si nimemweleza kila kitu?" Kumbe kwake huko ndiko kuomba radhi: umwonyeshe mtu kwamba kazi yake imekuwa nzuri zaidi baada ya wewe kuifuta. Nilicheka kwa sauti mpaka abiria wa pembeni akanisogelea kuchungulia simu. Jamani, huyu ndiye tuliyemchagua!

Muleba nilimkuta mama yake mlangoni. Nikapiga magoti nikamsalimu, akanipa punje za kahawa za kutafuna, kama anavyokaribishwa mgeni huku kwetu, akanielekeza kibanjani. Jovitha alikuwa anaondoa majani makavu ya migomba. Alisoma orodha akiwa amesimama, mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Wewe ulijua lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Kwa hilo sikujiandaa. Nilijua Jumatatu. Niliifungua gemu nikaona mbuzi anapita, nikaona hata picha zangu za mbuzi anayegeuza shingo hazipo. Nikanyamaza. Niliogopa Muganyizi akikasirika atatuacha, na nani mwingine angeifanya gemu iteleze?

Badala ya kujibu, nikaanza kumtukana Muganyizi. Yote niliyoandika hapo juu nilimwaga pale migombani, na pilipili juu. Jovitha akaniacha nimalize.

"Muganyizi hajui kuongea na watu," akasema. "Hilo tunalijua tangu chuoni. Wewe unajua kuongea, dada. Na ulikuwa na siku mbili."

Hakupandisha sauti. Akaniambia atarudi siku timu itakapompata mtu wa kuongea na watu, kisha akainamia majani yake. Mama yake akanifungia ndizi za kuja nazo mjini, kana kwamba nilikuwa nimekwenda kusalimia tu. Niliona aibu kuzipokea, nikazipokea.

Sasa niko chumbani. Muganyizi ameuliza mara tatu kwa meseji, "Anarudi lini?" Sijamjibu. Kesho nitamwambia uso kwa uso: rudi kwenye programu zako, huko hakuna wa kukugusa, ila watu tuachie wenyewe. Hatakasirika. Namjua, atauliza swali moja tu, kwa utulivu ule ule unaoniudhi: "Sawa, aongoze nani?"

Nimekaa nikitafuta jibu. Na jina la kwanza lililonijia, pamoja na yote niliyoambiwa leo, lilikuwa langu.