Spika za Landrova Yako

Baba Leonsia,

Binti yetu ameniambia unaumwa, upo Mwanza kwa dada yako, na kwamba umemtuma aniulize kama nimekusamehe. Nimeona jibu niliandike mwenyewe, maana yeye angelipunguza makali.

Unakumbuka tulivyohamishiwa kijiji cha ujamaa pale Nyarubungo? Nyumba yetu ilikuwa na kuta na nusu ya paa. Wewe ulikuwa dereva wa Landrova ya ushirika, ukasema unakwenda Nyakanazi kuchukua mbegu na utarudi Jumamosi. Nusu iliyobaki niliiezeka mwenyewe, Leonsia mgongoni, mvua ikitunyeshea. Ulirudi baada ya miezi mitatu.

Ulirudi mchana, redio umeifungulia mpaka mwisho. Zile spika mbili ulizofunga milangoni zilitoa besi ambayo niliisikia kifuani kabla sijaliona gari. Watu walitoka mashambani kutazama. Kando yako aliketi Rozi, amefunga kilemba cha njano. Nilikuja kukupokea mizigo, yeye akakuuliza, "Huyu ni nani?"

Ukamjibu bila hata kugeuka, "Ananitunzia nyumba."

Watu wakatazama chini. Kisha ukanipa ndoo na kitambaa, ukaniambia nilioshe gari wakati nyinyi mnakwenda kumsalimia mwenyekiti.

Nililiosha vizuri. Ulisahau kwamba mimi ni binti wa fundi redio wa Biharamulo, niliyekua nikimshikia baba koleo. Nilifungua vifuniko vya milangoni, nikachukua sindano yangu ya kufumia vikapu, nikaichana ile karatasi nyeusi ya spika, mchano usiozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Mlango wa kulia, kisha wa kushoto. Skrubu zote nikazirudisha. Mchano wa namna ile haraka haraka huuoni, na redio ikiwa chini huusikii. Ukiongeza sauti ndipo kingo zake zinapoanza kupigana: besi inakoroma, na mwanamume anayeimba anakuwa kama mtu anayeongea na maji mdomoni.

Mliporudi mkaondoka na gari, nilitega sikio. Kwenye mteremko uliongeza sauti, ukapunguza, ukaongeza tena. Nilikaa kizingitini nikacheka mpaka mtoto akashtuka.

Ulizipeleka kwa baba. Alizikagua, akakutazama, akasema hana gundi ya kazi hiyo. Baba aliujua mkono wangu. Spika mpya hazikupatikana. Siku zile hata sabuni ilikuwa shida. Ukaamua kwamba ni Rozi, kwa vile alizoea kuubamiza mlango. Ulimsema kwa hilo kila siku, mpaka akafungasha vitu vyake akaondoka.

Kisha vikaja vita. Asubuhi moja ulipita kijijini, betri za redio ya mwenyekiti zimekwisha, watu wakakuomba usubiri ili wasikie taarifa ya saa saba. Ulipojaribu redio, ikakoroma. Ukipunguza, walio nyuma hawasikii. Ukiongeza, hakuna anayeelewa. Mama Anastazia alikuwa ameushika mlango wa gari. Mwanawe alikuwa mstari wa mbele.

"Yustina," ukaniita, "wewe unazijua kazi hizi. Tengeneza."

"Mimi natunza nyumba," nikakujibu.

Mama Anastazia akanishika mkono. "Basi nifanyie mimi, mwanangu."

Yeye sikuweza kumkatalia. Nilipika uji mzito wa muhogo, nikabandika kipande cha karatasi ya daftari kwenye spika moja, nikaianika juani, ile nyingine nikaichomoa waya. Saa saba sauti ilitoka safi kabisa: askari wetu walikuwa wamevuka mpaka na wanasonga mbele. Mama Anastazia alisikiliza mpaka neno la mwisho, akaketi chini pale pale vumbini. Mwanawe alirudi salama baadaye, namshukuru Mungu.

Taarifa ilipokwisha, nilifungua tena mlango mbele ya wote, nikabandua ile karatasi kwa ukucha, nikakuwekea kiganjani. Uliondoka na gari lako likikoroma.

Nasikia mpaka leo unawasimulia watu kwamba Rozi alikuharibia gari. Rozi hakugusa kitu. Nilikutana naye sokoni Biharamulo, nikamweleza yote na kumwomba radhi. Akanitwisha kapu langu. Yeye nilimkosea. Wewe sikukukosea.

Sijakusamehe, Gaspari. Nimejaribu kanisani, nimejaribu nikiwa shambani peke yangu, msamaha hauji, na sasa nimeacha kuutafuta. Leonsia nimemwagiza akusomee barua hii kwa sauti, polepole, dada yako na watu wote wa nyumbani wakiwa wameketi.

Upone. Nataka uishi miaka mingi ukiwa unajua.

Mimi,
Mama Leonsia, aliyekuwa mke wako.