Konzi Tatu za Pamba

Mwangaluka, Kulwa mjukuu wangu. Bibi yako anatembea tena bila fimbo, na mvua imetufikia hapa Bariadi, kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimetulia.

Unasema kipande cha programu ulichoandika kinapokea data moja moja kutoka kipande kingine, majibu yanatoka mabovu, na hujui kosa ni la nani. Mimi nami nilikwama hapo hapo.

Soko la pamba lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa, wanunuzi binafsi wakigombania mzigo bila kuukagua. Nilikuwa fundi wa mashine ya kuchambua pamba. Mkanda wa kusafirishia uliiletea pamba kidogo kidogo, nyuzi zikawa zinatoka chafu. Bosi akasema, "Mashine yako isipopona leo, kesho usije."

Nilishaifungua mara mbili bila kuona kitu. Nikazima mkanda. Nikaizungusha tupu, ikanguruma vizuri. Kisha nikailisha kwa mkono konzi tatu za pamba niliyoichagua mwenyewe. Zikatoka nyeupe pe! Pumzi ikanirudi, nikacheka peke yangu.

Nawe zima mkanda. Kilishe kipande chako data chache unazozijua, halafu kijaribu bila kitu. Kikijibu sawa, kachunguze zinakotoka.

Mimi nilikwenda kwenye magunia. Lililotiwa mchanga ili lizidi uzito lilitoka kijijini kwetu Ipililo, kwa baba yangu mzazi. Bosi nikamwambia mashine ni nzima. La gunia ndiyo kwanza nalisema leo.

Babu yako.