Barasa Anarudi Mikono Mitupu

Kiplombe, Eldoret

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii yetu. Kifua chako kinaendeleaje tangu mvua zianze? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umelegea.

Barasa akikukabidhi barua hii, usimgombeze ndugu yangu kwa kurudi mikono mitupu. Ni mimi niliyemkataza. Najua kidimbwi alichochimba marehemu Baba kimeshasafishwa na unangoja vifaranga vya samaki nilivyokuahidi. Hutavipata.

Samaki wa mabwawa ya hapa kazini wamekufa, Mama. Kila asubuhi tuliwakuta wakielea, macho yamevimba. Mwajiri akamwita daktari wa samaki, naye akasema ni virusi. Nikamwuliza, kwani samaki hana kinga? Akasema anayo. Virusi vikiingia, mwili hupiga nduru na walinzi wake wakaamka. Lakini lazima wawepo pia wa kuwatuliza, maana walinzi wakizidisha vita huibomoa nyumba ile ile wanayoilinda. Virusi vingine ni vijanja: huwaharakisha hao watulizaji, walinzi wakalala adui angali ndani. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Wachache walisalia. Barasa alipokuja kuchukua vifaranga aliwaona hao, akafurahi sana. "Si hawa ndio strong? Wamesurvive, bro. Tuwapelekee Mathe wazae."

Daktari akatikisa kichwa. "Hao wamenyamaza tu, bado wanabeba virusi. Ukiweka kwa pond ya mama yako, samaki zitaisha zote, mpaka za majirani."

Nikaufikiria ule wavu wenu wa chama, unaotoka kwako ukiwa bado unachuruzika maji, ukaingia kidimbwi cha nyanya Rispa, kisha cha Mama Nekesa. Hakuna ambaye angebaki na samaki. Barasa alininunia, akasema mji umenifanya mchoyo. Iliniuma.

Mwajiri ametusimamisha kazi mpaka atakapotuita, na sidhani ataita. Nitajaribu vibarua vya mahindi Moiben. Nisalimie nyanya Rispa, mjomba Wekesa fundi wa baiskeli, na shangazi aliyenilea. Waombe wanisamehe.

Jana tuliwaua wale waliosalia, tukawazika na kuwamwagia chokaa. Niliwatoa mimi, kwa kuwa ndimi niliyewalisha tangu wakiwa wadogo kama mbegu za maboga. Sikumkimbiza hata mmoja. Waliponiona ukingoni walikuja juu wenyewe, wakidhani nimewaletea chakula.

Mwanao,
Wanyama