Sumaku ya Redio ya Baba

Majengo, Songea

Kaka Joachim,

Tumsifu Yesu Kristo. Mahindi tumeshavuna, baridi imeanza.

Baba alipokuwa hoi kitandani nilimsomea ulichoandika kuhusu kazi yako: baadhi ya metali zikipozwa sana hupitisha umeme bila kizuizi, na sumaku huua umeme huo, ila tabaka zao nyembamba zikigusana, umeme huo hupenya kidogo ndani ya sumaku kabla ya kufa. Yeye, ambaye hakukutaja tangu uache seminari, akaniagiza nibomoe spika ya redio yake nitoe sumaku iliyo ndani, akalala nayo kifuani.

"Basi Joachim naye apenye," alisema.

Tulikupigia simu, hukupokea. Tumemzika Jumamosi, udongo wa mzaliwa wa kwanza, uliopaswa kuutupa wewe, nikautupa mimi. Sumaku hakuiachia, tukamzika nayo.

Redio nimeiweka chumbani kwako. Haisemi.

Mdogo wako,
Noela