Minyonyo ya Bibi Agatha

Namswea, Jumanne, mwezi wa saba

Baridi ya leo haina adabu. Mimi mtoto wa Tanga, niliyeletwa huku milimani kuwa Bibi Maendeleo, nimepasuka visigino mpaka natembelea vidole. Naandika nikiwa nimenyoosha miguu kando ya moto, na roho haijatulia.

Mwezi uliopita tulikuwa tunaandaa shamba la kijiji. Niliona vichaka vya minyonyo pembeni, nikawaamuru vijana wawili wavifyeke. Kwetu mnyonyo hujiotea jalalani, nani anaupanda? Kumbe hapa una mwenyewe. Minyonyo ile ilikuwa ya Bibi Agatha, na watoto wachanga wote wa kijiji hiki hupakwa mafuta ya mbegu zake.

Alipolalamika mkutanoni, nilisema vijana walikosea mpaka. Wakapewa adhabu ya kumlimia shamba siku tatu. Wakalima zote tatu.

Nilidanganya. Haya, nimeandika.

Leo Bibi Agatha ameniona nikichechemea kutoka kisimani, akaniita jikoni kwake. Alikuwa amekaanga nyonyo za mwisho, zile alizookota kwenye matawi yaliyofyekwa. Amezitwanga, amezichemsha, sasa anaengua mafuta yaliyoelea juu ya maji. Mimi na ujuaji wangu nikauliza kwa nini ajisumbue hivyo, si azisage mbichi tu. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mwalimu wake.

"Mbichi ni sumu, mwanangu. Hata kuku simwachi azidonoe."

Akanikalisha kwenye kigoda, akaniosha miguu kwa maji ya moto, kisha akanipaka mafuta yale yangali vuguvugu. Mazito, yananata, yanaingia kwenye kila ufa. Tangu nimwache mama yangu hakuna mtu aliyenishika miguu. Nikaona aibu, na aibu ikanifanya niropoke.

"Bibi, wale vijana kwa kweli walikukosea."

Hakuinua kichwa.

"Wale vijana walikuja jioni ileile ya mkutano kuniomba radhi. Wakanieleza yote. Lete mguu wa pili."

Nimempa mguu.

Kesho kuna mkutano. Nitasimama mbele ya watu wote, vijana wale wakiwepo, niseme aliyetoa amri ni mimi. Naogopa, sifichi.

Halafu zile siku tatu nitazilima mwenyewe.